Redio Iliyopakwa Siagi

Kimaiyo alishuka kwenye trekta jioni ile miguu ikiwa imegoma kumtii. Mwezi wa pili huko Mau Narok ni adhabu. Mvua haijaja, udongo umekauka, na mwenye shamba anataka kila ekari ya ngano iwe imepinduliwa kabla wingu la kwanza halijachungulia. Basi dereva hukaa juu ya kiti cha chuma tangu umande mpaka kiza kianze kuingia, plau ikiburutwa nyuma yake, na vumbi likimwingia hadi mahali ambapo adabu haituruhusu kupataja. Alichotaka Kimaiyo ni maji ya moto, ugali na usingizi. Alijua hatapata hata kimoja kwa amani, kwa sababu redio ilikuwa imekufa, na nyumbani kwake wiki ile redio lilikuwa jambo zito kuliko njaa.

Wala haikuwa redio yake. Ilikuwa ya Ephantus, Mkikuyu aliyekuwa na kiduka pale pale kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, mtu wa maneno mengi na mizani isiyopunja. Malori ya serikali yalipokuja, wakati wa hali ya hatari, kuwazoa Wakikuyu wote wa shamba lile, kuwapeleka walikoambiwa ndiko kwao, Ephantus aliruhusiwa kubeba alichoweza kukishika, na mikono yake ilikuwa imejaa watoto. Akamwomba jirani yake Kimaiyo amtunzie redio. Hakusema mpaka lini, na Kimaiyo hakuwa na moyo wa kuuliza. Lori likaondoka na mtu pekee aliyejua kilichomo ndani ya sanduku lile. Waliobaki walijua tu kwamba mna taa ndogo za kioo, na kwamba inakula betri ya lori, maana umeme wa waya uliishia mjini Nakuru na haukuwa na haraka ya kupanda mlima.

Kwa miezi redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, kama mgeni asiyeulizwa shida yake. Kisha yakaja mambo ya Kipkemei.

Kipkemei alikuwa mwana wa kwanza wa Kimaiyo na mkewe, askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyevushwa bahari kwenda kupigana kwenye misitu ya Malaya. Barua zake zilikuwa fupi na zote zilifanana: mzima, mvua nyingi, msalimieni fulani. Baadaye zikakoma. Mwaka ulipoanza, kijana mmoja wa upande wa Njoro aitwaye Kiprugut alirudishwa nyumbani na mguu mbovu, na alipopita shambani aliwaambia alichokiona. Siku chache baada ya Krismasi kikosi kidogo alimokuwa Kipkemei kiliingia msituni, ng'ambo ya mto. Milio ya bunduki ilisikika. Mpaka Kiprugut anabebwa kupelekwa hospitali, hakuna aliyekuwa ametoka huko. Zaidi ya hapo hakujua. Serikali nayo haikuwa imeleta neno lolote, lakini serikali huleta neno inapotaka.

Jepkorir, mama yake Kipkemei, hakulia aliposikia. Alimpa mgeni maziwa, akamsindikiza hadi barabarani, na siku ya pili akaenda dukani kununua wembe. Kwao mama aliyefiwa hunyoa kichwa chote, na akishanyoa, mwana huyo amekwisha zikwa hata kama mwili wake hauonekani. Vitu vyake hugawanywa, jina lake halitajwi ovyo, na hata akitokea mlangoni siku moja, watu hawajui wampokee kama nani. Ndiyo maana mtu hanyoi kwa kubahatisha. Jepkorir aliufunga wembe ule kwenye kitambaa, akauweka karibu na kichwa chake anapolala.

Kimaiyo alimwambia mkewe kwamba kijana wao ni mzima. Alisema hivyo mara nyingi, jioni baada ya jioni, huku akivua viatu. Akamsikiliza mpaka siku moja akachoka naye.

"Baba Kipkemei," akamwambia, "wewe unasema ni mzima kwa sababu umechoka. Kulia kunataka nguvu, na zako zote unamwachia mzungu kule shambani."

Kimaiyo alimaliza kuvua viatu. Maneno yale yalimchoma, na yalimchoma kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli.

Hapo ndipo Dalmas, karani wa shamba, alipokuja na gazeti lake. Dalmas alikuwa mtu wa Magharibi, mwembamba, mwenye kofia asiyoivua hata akila. Alisoma kwamba Jumapili alasiri redio ya Nairobi itatoa salamu za askari walioko Malaya, wale wa Nakuru na sehemu za jirani, kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Jepkorir aliuliza maneno hayo ya mwisho yarudiwe. Halafu akatoa uamuzi wake, na hakuutoa kwa hasira. Barua anaweza kuandika karani yeyote, alisema, na mtu akitoka vitani anaweza kusimulia chochote, lakini sauti ya mwanawe hakuna wa kumdanganya nayo. Akimsikia Kipkemei Jumapili, wembe utatupwa chooni. Asipomsikia, Jumatatu asubuhi atanyoa. Amechoka kukaa mlangoni, hayuko ndani wala hayuko nje.

Redio ikateremshwa. Dalmas aliifunga kwenye betri ya lori bovu lililokuwa nyuma ya karakana, ikavuma kidogo, taa zikashika wekundu, na sauti ya Nairobi ikajaza nyumba. Ilisema vizuri Jumanne. Jumatano ilisema. Alhamisi ilikohoa, ikavuma kwa shida, ikanyamaza kabisa. Mafundi wa redio walikuwa Nakuru, na mtu wa trekta haombi ruhusa ya kwenda Nakuru mwezi wa kulima. Laini nzima ikamtazama Kimaiyo. Si ndiye fundi? Si yeye hulifufua trekta hata likiwa limekauka kama gogo? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kimaiyo, badala ya kusema ukweli kwamba hajui redio, alisema ataiangalia.

Basi ndiyo hiyo iliyokuwa ikimngoja Ijumaa ile, alipoingia ndani na vumbi lake. Mezani palikuwa na kibatari, na redio, na Jepkorir ameketi mbele yake mikono mapajani. Kimaiyo alikula amesimama. Akachukua bisibisi.

Alianza na anachokijua. Betri aliijaribu kwa balbu ya trekta, ikawaka vizuri. Waya aliufuata kwa kidole mpaka kwenye fyuzi, akaikuta imeungua, kioo chake kimeingia weusi. Akafurahi, maskini, akadhani ugonjwa ndio huo. Fyuzi nyingine hakuwa nayo, kwa hiyo alichukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha mahali pake. Cheche moja, harufu, na karatasi ikawa majivu. Akajaribu tena. Ikawa vile vile. Basi fyuzi ilikuwa imeuawa tu, na muuaji alikuwa bado mle ndani. Kulikuwa na kitu kinachoumeza umeme wote wa betri kwa pupa kabla haujafika kwenye taa.

Alifikiri afuate waya upi sasa. Akaweka kichwa kwenye kiganja ili afikiri vizuri zaidi, na huo ndio ukawa mwisho wa kazi ya siku hiyo. Alipozinduka alikuwa amefunikwa blanketi, bisibisi bado mkononi, na mkewe alikuwa amekwisha washa moto wa asubuhi. Hakumlaumu. Kimaiyo angependa alaumiwe, maana lawama angeijibu.

Jumamosi alilima, akilini mwake akifungua na kufunga redio. Mchana, wakati wa kujaza mafuta, alimwendea Dalmas ofisini akamwuliza kama aliwahi kumwona Ephantus akiitengeneza. Dalmas alikuna shingo chini ya kofia. Alikumbuka jambo moja tu.

"Iko na kikopo moja ndogo hapo nyuma, mzee," alisema. "Ikiwa redio mzima, hiyo kikopo inalia kama nyuki. Ephantus alikuwa anaweka sikio hapo kwanza. Anasema hiyo ndio moyo."

Hayo yalimtosha Kimaiyo. Jioni hakuigusa redio, kwani alijua mikono yake ikichoka huvunja vitu. Alilala mapema na Jumapili akaamka na mwanga. Watu walipokuwa wakienda kanisani, yeye alikuwa amekwisha toa kifuniko cha nyuma na kuling'oa lile kopo. Lilikuwa dogo kuliko kikombe cha chai, limechomekwa kwa miguu yake kama balbu. Alilitikisa karibu na sikio. Halikusema kitu. Akaukunjua ukingo wake polepole kwa ncha ya kisu, akavuta kilichokuwamo.

Alichokiona kilimfanya atabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mle ndani mlikuwa na ulimi mwembamba wa chuma na vichwa viwili vidogo vinavyogongana: platini. Ni platini zile zile anazosafisha kila wiki kwenye trekta, ila hizi zilikuwa za mtoto. Akaelewa bila kufundishwa. Umeme wa betri ni mvivu, unatembea tu. Ulimi huu unaukatakata kwa kucheza mbio huku na huku, na ukishakatwa hivyo, lile bunda la waya uliosokotwa pale kando linaweza kuupandisha mpaka uwe mkali wa kuwasha taa za redio. Platini zikigandana, hakuna kinachokatwa. Umeme unamwagika wote mahali pamoja na fyuzi inaungua.

Na zilikuwa zimegandana. Alisogeza kibatari karibu. Katikati ya vile vichwa palikuwa na uchafu mweusi, mgumu, na ndani ya ule uchafu miguu ya wadudu. Sisimizi, tena wengi, walioungua. Akanusa. Alijua harufu ile kabla hajakubali kuijua. Ilikuwa siagi.

Aligeuza sanduku la redio, akapitisha kidole kwenye mbao. Juu kulikuwa kunang'aa. Nyuma, kwenye matundu ya kifuniko, mchirizi wa manjano ulikuwa umeteremka hadi kwenye kile kitako cha kopo. Akakumbuka asubuhi Kipkemei alipoondoka kwenda jeshini, jinsi mama yake alivyochota siagi kwenye kibuyu akampaka kwenye paji la uso na kifuani, ili njia impokee. Sasa sauti yake ilikuwa inakuja kwa njia ya sanduku hili, na Jepkorir alikuwa amelibariki sanduku. Alilipaka vizuri, kwa mkono usio mchoyo, akaliweka karibu na moto lisipate baridi. Siagi ikayeyuka, ikatafuta njia. Sisimizi wakaifuata.

Kimaiyo alikaa na jambo hilo mkononi. Hasira zilimpanda, zikashuka zenyewe kwa kukosa mahali pa kusimama. Ungemkasirikia nani? Mkewe alikuwa ameinama upande wa pili wa meza, macho kwenye kopo kama mtu anayetazama kidonda cha mwanawe.

"Umeona nini?" akauliza.

"Vumbi," akasema Kimaiyo. "Vumbi la shamba. Linaingia kila mahali."

Akashangaa jinsi uongo ule ulivyotoka kwa urahisi, na jinsi mkewe alivyoshusha mabega kuupokea.

Kusafisha kukawa kazi. Msasa aliokuwa nao ulikuwa wa chuma cha plau, ungezila platini zile zikaisha. Akafikiria kitu chembamba kikali, akamwomba Jepkorir wembe wake. Jepkorir akakataa, bila kuinua sauti. Wembe ule una kazi yake, alisema, hauwezi kufanya mbili. Kimaiyo hakubishana. Akararua kibiriti, akachukua ule ubavu unaowashia njiti, akaupitisha katikati ya platini taratibu, akivuta na kupuliza, mpaka weusi ukatoka na chuma kikaonekana. Akaziosha kwa kitambaa chenye petroli, kwa kuwa mafuta ya taa huacha utelezi. Kisha akaupinda ule ulimi kidogo sana, mpaka ukaacha nafasi ya kupitisha karatasi ya sigara pande zote mbili. Jasho lilimtoka kwa kazi isiyotumia nguvu hata ya kuinua kijiko.

Alipokwisha kulirudisha kopo mahali pake, kuizungushia fyuzi karatasi nyingine ya fedha na kuunga betri, alisahau kwamba kifuniko bado kiko wazi na kidole chake kiko ndani. Betri ya lori haimshtui mtu. Ndivyo alivyojua siku zote. Hakufikiria kwamba umeme ukishapitia lile kopo si ule ule tena. Ulimtupa yeye na kigoda chake hadi ukutani. Jepkorir akainuka kwa hofu, naye akamwambia, akiwa bado chini anaukamata mkono wake, kwamba hiyo ni dalili nzuri, maana maiti hapigi teke.

Na kweli haikuwa maiti. Kopo lilikuwa linalia kama nyuki. Karatasi ya fedha ilikuwa imetulia mahali pake bila kuungua. Taa zikashika wekundu moja baada ya nyingine, na kutoka mbali, kama watu wanaokuja wakipanda mlima, kwaya ya kanisa fulani ikaingia nyumbani. Jepkorir alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akageuka, akaenda kwenye kona, akarudi na kibuyu cha siagi.

Kimaiyo alikuwa amekwisha simama mbele ya redio.

"Siagi ni ya mtu, mama," akamwambia. "Ngoja aje mwenyewe, umpake kichwani."

Mkewe akakirudisha kibuyu. Kimaiyo alifunga kifuniko, akazima redio ili betri isichoke, naye akalala pale pale sakafuni, mkono ukimwasha hadi begani.

Alasiri ilipofika, habari ilikuwa imezunguka laini zote. Ndani walikaa Kimaiyo na mkewe peke yao, kwa sababu Jepkorir hakutaka mtu wa kumtazama uso wakati ule. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje yake walikuwa wamesimama watu wa nyumba zote, Dalmas mbele yao na kofia yake. Jepkorir alijua Kiswahili cha kununua chumvi na kuuza mayai. Kiswahili cha redio, kile cha Pwani kinachokimbia, hakukifuata, na walikuwa wamekubaliana kwamba Kimaiyo atasikiliza maneno, yeye atasikiliza sauti.

Redio iliwashwa. Mtangazaji akasalimu, akashukuru, akaeleza. Kimaiyo alikuwa amekaza masikio kulisaka jina la mwanawe, kwa hiyo maelezo yale yalimpita kidogo kabla hayajamgeukia na kumshika. Mtangazaji alisema wanaomba radhi kwa wasikilizaji. Salamu hizi zilinaswa huko Malaya kabla ya Krismasi, zilikusudiwa kwa sikukuu, zikachelewa njiani. Lakini salamu ni salamu, akasema, na akacheka kidogo, na askari wa kwanza akaanza.

Kabla ya Krismasi. Kiprugut alisema baada ya Krismasi. Kimaiyo alihisi uchovu wa wiki yote ukimkalia shingoni kwa mpigo. Wiki ya kuhangaika, kidole kilichopigwa na umeme, na kumbe sanduku lile lingeweza kuwapa sauti tu. Uhai halikuwa nao. Alitazama dirishani. Dalmas alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa chini, na wote waliojua Kiswahili walikuwa wameacha kunong'ona.

Askari wakapita. Mmoja wa Molo, mmoja wa Rongai, mmoja alisahau maneno yake akaishia kupumua. Kila mmoja alimaliza kwa kutakia watu wake Krismasi njema, katika mwezi wa pili, katika vumbi la kulima.

Kisha mtu akakohoa, na kabla hajataja jina Jepkorir alikuwa amesimama.

"Mimi ni Kipkemei, mwana wa Kimaiyo, wa Mau Narok," sauti ilisema, kubwa, ya kijeshi, iliyofunzwa kusimama wima. "Nasalimu baba, nasalimu mama, nasalimu watu wote wa laini. Mimi ni mzima, sina neno. Chakula kiko. Mama asiwe na wasiwasi. Nawatakia Krismasi njema. Kwaherini."

Mara akaja mwingine, wa Subukia, kana kwamba aliyetangulia alikuwa mtu wa kawaida.

Kimaiyo alizima redio. Hakutaka kusikia mtoto wa mtu mwingine tena. Jepkorir alikuwa ameushika ukingo wa meza, machozi yakimtiririka bila kwikwi, na uso wake ulikuwa umefunguka kama alipokuwa msichana.

"Ni yeye," alisema. "Anakohoa vile vile. Amesema nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Kimaiyo alikuwa na ukweli mdomoni na alijua hana nguvu ya kuutoa. Akamwambia kwamba anawasalimu, baba na mama na laini nzima. Kwamba ni mzima, hana neno. Kwamba chakula kipo, na mama asiwe na wasiwasi. Yote aliyoyatafsiri yalikuwa sahihi. Akaishia hapo.

"Amesema leo?" mkewe akauliza.

"Si umemsikia?"

Jepkorir aliiachia meza. Alikaa, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, upande mmoja kisha upande wa pili, bila haraka. Nje hakuna aliyetembea.

"Krismasi nimeisikia," akasema. "Neno hilo nalijua, Baba Kipkemei. Kanisani wanalitaja kila mwaka, na mtoto wangu hawezi kunitakia Krismasi mwezi huu. Wale wengine wote wameisema pia. Nilikuwa nahesabu kama wewe utaisema."

Kimaiyo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamwambia tu, kwa sauti ya chini, kwamba salamu zile ni za kabla ya msitu. Zilichelewa njiani. Hakuna anayejua.

"Basi hakuna anayejua," alisema Jepkorir. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Kesho sinyoi. Mtu hawezi kuja akanisalimu leo, nami kesho nimzike. Nitangoja wanipe neno lao. Lakini usingoje peke yako tena, ukinificha. Nimekuona wiki nzima ukiubeba huu mzigo na hujui kuutua."

Alivuta kigoda chake, akakisogeza karibu na cha mumewe.

"Sasa mjibu," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Ametusalimu, na hakuna aliyemwitikia. Tangu lini mtu akasalimu katika nyumba hii akaachwa hivyo?"

Kimaiyo alisema redio haisikii, ina mdomo tu.

"Najua haisikii. Mimi si mtoto. Mwitikie hata hivyo. Wewe ndiye baba yake."

Dirishani Dalmas alivua kofia yake, na walio nyuma yake wakavua zao. Kimaiyo aliinama mbele ya lile sanduku lililozimwa, lenye harufu ya siagi na petroli, mkono wake mbovu juu ya meza. Aliitikia salamu kwa lugha ya nyumbani, kama mtu anavyomwitikia mwanawe aliyesimama mlangoni, akamwita kwa jina alilopewa siku alipozaliwa. Alitaka kuongeza kwamba huku pia wote ni wazima. Sauti ikamkatika kabla hajafika, na yale machozi ambayo alikuwa hana nguvu nayo tangu mwaka uanze yakatoka yote, mbele ya watu, huku mkewe amemshika mgongo. Alimlilia mwanawe hivyo, bila kujua kama anamlilia aliye hai au aliyekufa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.